Mchele Ulioongezwa Ukapungua

Miaka ile ya vita kijiwe chetu cha Temeke kilikuwa ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili ya mnazi, mbele ya nyumba yangu, pale njia ya mchanga inayotoka machimboni inapokutana na njia ya Keko. Mie Fakihi ndiye niliyekuwa nachemsha kahawa. Sukari ilikuwa haionekani na kashata zilikuwa za bahati, lakini watu walikaa, maana ukishaponda mawe kutwa unataka mahali ambapo hakuna wa kukupigia kengele. Shomari tulimwita Gavana, kwa sababu hakuna jambo la nchi lililompita bila yeye kulitolea amri. Mwinshehe tulimwita Nyundo: mpasuaji mawe, kifua kipana, maneno machache, na hasira iliyochelewa kuja lakini ikija imekuja. Hao wawili walikuwa wa machimboni. Wa tatu alikuwa Kamugisha, mtu wa Bukoba, mwalimu wa shule ya misheni, ambaye tulimwita Mwalimu tu, na yeye ndiye pekee aliyekuwa akivaa viatu siku za kazi. Jumamosi ninayoisimulia nusura tumuumize mtu, na sababu ilikuwa nusu kibaba cha mchele.

Ilikuwa hivi. Machimboni walikuwa wanapewa posho ya mchele kila Jumamosi, vibaba vinane kwa mtu, yaani pishi mbili kamili. Vita ilipokaza na meli kuwa za shida, ikatoka amri kwamba posho inapunguzwa ishirini na tano kwa mia. Vinane vikawa sita. Watu walinung'unika, wakakaza mikanda, wakaongeza muhogo kwenye sufuria. Mwaka ukaisha hivyo. Halafu Ijumaa moja msimamizi wa machimbo, Mzungu mmoja mrefu mwenye sauti ndogo, akapanda juu ya toroli la mawe akatangaza kwamba hali imepata nafuu, na kuanzia kesho posho inaongezwa ishirini na tano kwa mia. Nyapara wao, Leonardi, alikuwa kasimama chini yake akitafsiri.

— Bwana anasema, kile kilichokatwa kinarudi, alisema Leonardi.

Watu wakapiga makofi. Nyundo alifika kijiweni jioni ile anacheka, na Nyundo alikuwa si mtu wa kucheka. Mkewe, Hamisa, alisugua sufuria kubwa kwa mchanga mpaka ikang'aa.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, Hamisa akaja kijiweni kwangu amebeba ungo wenye mchele. Wanawake walikuwa hawaji pale.

— Shikamoo mzee Fakihi.

— Marahaba, mwanangu. Kwema?

— Si kwema. Baba Tunu, ulipotoka machimboni na mchele huu ulipita wapi?

Nyundo akamtazama mkewe kama aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni.

— Nilikuja nyumbani moja kwa moja. Kwani vipi, mama Tunu?

— Nimepima. Vibaba saba na nusu.

— Pima tena.

— Nimepima na kibaba changu, nikapima na cha jirani. Saba na nusu.

Tukatandika mkeka. Hamisa akapima mbele yetu, kila kibaba anakipitisha kiganja juu ili kisizidi wala kisipungue. Saba vikajaa. Cha nane kikafika nusu, na ungo ukawa mweupe. Shomari akatuma kwake mchele wake uletwe. Ukapimwa. Saba na nusu.

— Vinane vilipunguzwa robo, alisema Hamisa. Sasa robo imerudi. Nusu kibaba changu kiko wapi?

Akainua ungo wake akaondoka, swali akatuachia sie.

Hapo kijiwe kikafunguka. Watu wawili watatu waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza, na Gavana akitazamwa na watu alikuwa hajui kusema sijui.

— Ni kibaba chenyewe, alisema Shomari. Vita imekula vyuma vyote. Vibaba vya machimboni wamevikunja kwa ndani, kile chuma kilichobaki wakatengenezea risasi.

— Lakini Hamisa kapima na kibaba cha nyumbani, Mwalimu akasema. Hicho hakijaenda vitani.

— Basi ni mchele. Mchele huu umevuka bahari. Ile hewa ya chumvi inaukausha, punje inasinyaa.

— Ukipimwa machimboni umeshasinyaa, Gavana. Hausinyai tena njiani kuja Temeke.

— Wewe Mwalimu unabisha tu. Haya, sikiliza hili, mie nimeambiwa na baharia. Wajerumani wana nyambizi yenye mrija. Inakaa chini ya meli inanyonya mchele taratibu, meli ikifika bandarini magunia yamelegea na hakuna tundu lolote.

— Na hiyo nyambizi inajuaje kumnyonya kila mtu nusu kibaba sawasawa?

Shomari akanywa kahawa badala ya kujibu. Watu wakacheka kidogo. Nyundo hakucheka. Alikuwa kainama anatazama mkeka ambapo mchele ulipimwa, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini.

— Nani anayepima mchele machimboni?

Hakuna aliyehitaji kujibu. Alikuwa anapima Leonardi, nyapara, kwa mkono wake.

— Nusu kibaba kwa mtu, Nyundo akaendelea. Sie tuko watu themanini. Ni vibaba arobaini. Pishi kumi.

Hesabu hiyo aliipiga peke yake, haraka, na ilikuwa sahihi. Pishi kumi za mchele zilikuwa mali wakati ule.

— Na mkewe anauza vitumbua pale Keko, akasema mmoja wa waliosimama. Kitumbua ni nini kama si mchele?

— Mtu mwenyewe wa kuja, akasema mwingine. Katoka huko Mahenge na sanduku moja.

— Subirini kwanza, Mwalimu akasema. Kuna hesabu hapa. Nipeni nafasi niwaeleze.

— Hesabu nimeshapiga mie, alisema Nyundo, akainuka.

Ukweli ni kwamba tulikwenda. Nyundo mbele, Shomari nyuma yake, na nyuma ya Shomari kundi lililokuwa linaongezeka kila tulipopita mlango wa mtu wa machimboni. Mie niliacha dele la kahawa juu ya makaa nikafuata, najiambia nakwenda kuzuia. Mwalimu alibaki kijiweni akituita, na sie hatukugeuka.

Leonardi alikuwa nyuma ya nyumba yake anapalilia muhogo. Alituona, akaweka jembe chini, akaja akatusalimu vizuri. Nyundo hakuitikia. Alimkamata kwa ukosi wa shati akamvuta, na shati likachanika toka begani mpaka mbavuni. Lilikuwa shati lake la kwendea kanisani, alilovaa kwa sababu jingine lilikuwa kambani linakauka.

— Toa mchele wetu.

— Mchele gani?

— Unajua.

Leonardi hakupigana. Alikuwa mtu mwembamba, na tulikuwa wengi. Alimwita mkewe.

— Rosalia, lete posho yetu. Yote.

Rosalia akatoka na kifuko cha kitambaa. Kibaba chake akakileta mwenyewe bila kuambiwa. Akapiga magoti akaanza kupima juu ya ungo, na sote tukahesabu kimoyomoyo. Kilipofika cha saba kundi zima likasogea karibu. Kifuko kikakung'utwa. Nusu.

— Posho ya nyapara ni hii hii ya mpasua mawe, alisema Leonardi. Vibaba saba na nusu. Nimepima watu wote nikajipima wa mwisho.

— Kaficha ndani, ikasema sauti ya nyuma.

Basi Shomari akaingia. Akainua godoro, akafungua sanduku, akatoa nguo za mwanamke wa watu moja moja. Alichokipata ni sinia la vitumbua lililofunikwa kawa. Akatoka nalo nje kama aliyekamata fisi. Rosalia akachukua kitumbua kimoja akampa.

— Onja.

Shomari akatafuna. Sote tulikuwa tunamwangalia mdomoni.

— Muhogo, akasema mwishowe, taratibu.

— Tangu mchele ulipokatwa natengenezea unga wa muhogo, alisema Rosalia. Watu wananunua kwa sababu hawana kingine. Mmeridhika sasa, au nichimbe na choo?

Hakuna aliyemwambia pole. Kundi lilianza kupungua kutoka nyuma, mmoja mmoja, kila mtu kakumbuka shughuli. Nyundo aliuondoa mkono wake kwenye shati la Leonardi, maana mpaka wakati huo alikuwa bado kalishika.

Tuliporudi kijiweni kahawa ilikuwa imeungua. Mwalimu alikuwa pale pale. Aliuona uso wa Nyundo akajua.

— Mmempiga?

— Hatujampiga, nikasema. Tumemchania shati. Na yeye kapata saba na nusu.

— Basi sasa mtanisikiliza?

— Sema, alisema Nyundo. Lakini useme nielewe. Kama Leonardi hakuiba, yuko aliyeiba. Simwachi.

Mwalimu akasimama kama yuko mbele ya darasa, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Akaanza kutueleza ishirini na tano juu ya mia, na kuzidisha, na kugawanya, na kukata sifuri. Alikuwa anasema kweli tupu, na hatukuelewa hata chembe. Shomari alimkatiza.

— Mwalimu, acha kutuzungusha. Robo ni robo. Mtu kanichukulia robo, kanirudishia robo. Ishirini na tano imetoka, ishirini na tano imeingia. Tumemaliza sawa. Mtoto wa kunyonya anajua hilo.

— Si robo ile ile, Gavana.

— Robo ziko ngapi duniani?

Wakabishana hivyo mpaka jua likaanza kulala upande wa Mtoni. Nilichemsha kahawa upya. Nilidhani wataacha, lakini Nyundo hakuacha. Kila Mwalimu alipochoka, Nyundo alisema, rudia. Mtu aliyekuwa hajakaa kwenye dawati hata siku moja alikaza macho yake kwa yule mwalimu kama anayetafuta ufa kwenye jiwe.

Hapo akaja Kokuberwa, mke wa Mwalimu. Alikuwa mgeni kabisa. Alikuwa ametoka Bukoba kwa meli na gari moshi wiki iliyotangulia, na Kiswahili chake kilikuwa kinatembea kwa tahadhari. Alikuja kumwita mumewe akale. Akatuamkia vizuri, akasimama pembeni akisubiri, akasikiliza maneno ya Shomari na ya mumewe yakipishana. Halafu akauliza kwa upole.

— Samahani, baba zangu. Mnasema kwa mia, kwa mia. Hiyo mia ni mia ya nini?

Mimi nilitazama dele. Kwa kweli neno lile tulikuwa tumelisema mchana mzima, tumekwenda nalo mpaka nyumbani kwa mtu, na hakuna aliyekuwa amejiuliza ni mia ya kitu gani. Hata Mwalimu akakaa chini ubaoni pamoja nasi, hakusimama tena.

— Hapo ndipo penyewe, alisema. Mzee Fakihi, una vikombe vingapi?

— Vya kutosha.

— Nipe vinane.

Nikampangia vikombe vinane juu ya ubao. Akaviambia vile vikombe, maana alikuwa anaongea navyo zaidi kuliko na sie:

— Hii ndiyo posho ya zamani. Vibaba vinane. Siku ile ya amri, mia ilikuwa hii. Vyote vinane, kwa ujumla wake, ndiyo mia. Ishirini na tano ya hiyo mia ni robo yake. Nyundo, toa robo.

Nyundo akavuta vikombe viwili kando. Vikabaki sita.

— Mwaka mzima mmekula hivi. Ijumaa bwana kapanda juu ya toroli kasema anaongeza ishirini na tano kwa mia. Sasa jibu swali la mke wangu. Mia ya nini?

Nyundo akatazama vikombe sita vilivyobaki. Akatazama viwili vya kando. Tulimwachia.

— Ya hivi sita, alisema.

— Ya hivyo sita. Mia ya mwanzo ilishaondoka na vile viwili. Haya, robo ya sita?

— Kimoja. Na nusu.

— Rudisha.

Nyundo akarudisha kikombe kimoja. Cha pili akakishika mkononi, hakujua akiweke wapi. Nilimimina kahawa mpaka katikati yake, nikakipanga na wenzake. Saba na nusu. Tukaviangalia vikombe vile kama vimeongea.

Shomari hakukubali kirahisi, na nampenda kwa hilo.

— Basi angeanza kuongeza ndipo apunguze. Hapo tungepata faida.

— Jaribu, alisema Mwalimu. Vinane, ongeza robo yake.

— Kumi.

— Sasa punguza robo ya kumi.

Shomari akahesabu kwa vidole, akarudia.

— Viwili na nusu. Kumi toa viwili na nusu... Saba na nusu tena. Mwalimu, huu ni uchawi.

— Si uchawi. Unapoongeza, mia inakua. Unapopunguza, unaikata ile iliyokua. Ukikata nusu ya vinane vinabaki vinne. Ukiongeza nusu ya vinne unapata sita. Kadiri anavyokata sana ndivyo kurudisha kwa jina lile lile kunavyokupunja sana.

— Na akikata yote? Nyundo akauliza. Akipunguza mia kwa mia, halafu akaongeza mia kwa mia?

Mwalimu akamtazama, na niliona kwamba swali hilo lilimfurahisha.

— Jibu mwenyewe.

— Akikata yote sina kitu. Akiniongezea yote ya kitu ambacho sina... Nyundo akasimama. Sufuria tupu. Anaweza kupanda juu ya toroli akatangaza mia kwa mia, watu wakapiga makofi, na mama Tunu akabandika sufuria tupu.

— Ndiyo.

— Basi hakuna mwizi.

— Hakuna mwizi, alisema Mwalimu. Inawezekana hata msimamizi mwenyewe hajui.

Nyundo alikaa tena, safari hii taratibu. Aliiweka mikono yake miwili mapajani akawa anaitazama. Kokuberwa alikuwa ameshika kanga yake mdomoni. Kwa mara ya kwanza siku ile nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni, maana mchana nilikuwa nimesimama pale nyuma ya nyumba ya mtu nikihesabu mchele wake.

— Sasa tunadai nini? aliuliza Shomari. Lazima tudai. Nusu kibaba ni nusu kibaba.

— Kutoka sita kufika vinane ni viwili, alisema Mwalimu. Viwili katika sita ni theluthi. Kwa lugha yao, thelathini na tatu kwa mia na kitu kidogo.

— Thelathini na tatu? alisema Shomari. Yeye kakata ishirini na tano, mie niende nikamwambie arudishe thelathini na tatu? Atasema tuna tamaa. Atasema tunagoma. Wakati huu wa vita mtu akisema neno mgomo anapelekwa polisi.

— Basi usiseme kwa mia, alisema Nyundo. Tuseme vibaba. Vilikuwa vinane, tunataka vinane.

— Nani atasema? Mie sijui Kiingereza, wewe hujui. Mwalimu si mtu wa machimboni, atafukuzwa na wamisheni.

Tulijua sote ni nani anayejua Kiingereza machimboni. Hakuna aliyetaka kumtaja.

— Nitakwenda kwake mie, alisema Nyundo.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Nyundo akaja kuniomba nimsindikize. Alikuwa amebeba shati lake jeupe, lile moja alilolivaa sikukuu, limepigwa pasi na Hamisa likakunjwa vizuri. Rosalia alitufungulia mlango, asitukaribishe, asitufukuze. Leonardi alikuwa kakaa kwenye kigoda na shati lake la jana limeshonwa, mshono unaonekana wote.

— Nimekukosea, alisema Nyundo. Hukuiba. Hakuna aliyeiba, ni hesabu ya mia. Mie sikujua.

Akanyoosha lile shati. Leonardi alilitazama, hakulipokea.

— Wewe ni mpana kuliko mie, alisema. Nitaonekana kama kunguru kavaa kanzu. Rudi nalo. Umekuja kwa hilo tu?

— Hapana. Tunataka kwenda kwa bwana tukadai vinane. Hatuna wa kutusemea.

Nilidhani atacheka, au atasema yale ambayo mie ningeyasema. Alikwaruza ukuta kwa kucha.

— Ijumaa niliwaambia watu, kile kilichokatwa kinarudi, alisema. Nilisema kama nilivyosikia, na niliamini. Halafu Jumamosi mimi mwenyewe nimekunja kifuko changu nikaona chepesi, nikanyamaza. Tutakwenda kesho. Si kwa ajili yako.

Niliyoyasimulia mpaka hapa niliyaona. Ya ofisini nilisimuliwa na Nyundo na Shomari, na kwa mara ya kwanza simulizi zao zilifanana. Leonardi aliingia nao ofisini, na kibaba na kifuko cha mchele waliouchanga. Msimamizi akasema, nilipunguza ishirini na tano, nimeongeza ishirini na tano, mnataka nini zaidi? Leonardi hakubishana. Alipima vibaba vinane juu ya meza ya bwana, akatoa viwili, akauliza kwa adabu robo ya vilivyobaki ni kiasi gani. Yule Mzungu alikaa anaangalia mchele ule mpaka uso wake ukawa mwekundu. Kisha akasema amri imetoka mjini, imeandikwa ishirini na tano, yeye hana mamlaka ya kutoa hata punje zaidi. Nendeni kazini.

Wakaenda kazini. Hakuna aliyeweka nyundo chini. Lakini Jumamosi iliyofuata kila mtu alikuja na kibaba chake cha nyumbani. Mtu akipokea posho yake, anakaa chini pale pale mbele ya meza, anapima kimoja kimoja, anapitisha kiganja juu, na akimaliza anasema, saba na nusu, bwana, vilikuwa vinane. Ndipo anampisha mwenzake. Hakuna aliyekosa adabu, hakuna aliyekataa kazi. Ugawaji uliokuwa unaisha kabla ya adhuhuri ukaisha magharibi, na msimamizi alilazimika kusimama juani muda wote, kwa sababu sheria ya mchele wa vita ilitaka awepo yeye. Shomari alikuwa wa polepole kuliko wote. Akipoteza hesabu, anaanza upya.

Wakafanya hivyo tena Jumamosi ya pili. Ilinyesha, wakapima chini ya turubai. Mzungu aliondoka na pikipiki yake Jumatatu kwenda mjini, na mtu asijue kasema nini huko. Jumamosi ya tatu Leonardi alipima watu themanini, akajipima wa mwisho. Vinane.

Siku ile Hamisa alipika wali mpaka kwa majirani. Kijiweni kwangu watu walijaa hadi wengine wakakaa chini, na Gavana alikuwa anaeleza jinsi alivyoishinda serikali peke yake. Mwalimu na Kokuberwa walikuwapo. Kokuberwa tulimwekea kiti, na tangu pale hakuna aliyeshangaa mwanamke akikaa kijiweni kwetu. Katikati ya kelele hizo akatokea Leonardi kwenye njia ya Keko. Alikuwa hajawahi kukaa ubaoni petu hata siku moja. Nyundo akasogea, akampa nafasi, na Leonardi akakaa.

Nikammiminia kahawa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaipuliza, akanywa kidogo.

— Sasa nyie nyote mnaijua hesabu ya kwa mia, alisema. Nataka kuuliza jambo moja, niliache.

— Uliza, alisema Shomari. Leo hatushindwi.

— Siku ile mlipokuja kwangu. Kabla hamjapima. Hakika yenu kwamba mie ni mwizi ilikuwa kwa mia ngapi?

Hakuuliza kwa hasira, wala kwa kutusuta. Alikuwa anataka kujua. Alitutazama mmoja mmoja, Shomari, Nyundo, mie, na kikombe chake mkononi, akisubiri kama mtu anayesubiri kuambiwa njia. Kahawa yake ilipoa, na bado alikuwa anasubiri.